Mlokole

Ukiagiza soda wenzako wakiagiza bia, hapa Dodoma utaitwa mlokole, hata kama unatumia dawa tu. Neno limetoka Kiganda, abalokole, yaani waliookoka, likasambaa na uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Tangu mwanzo lilikuwa na kejeli, wenyewe wakalipokea. Miaka ya 1950 walokole wa Kikuyu walikataa kiapo cha waasi wa Mau Mau nchini Kenya, na baadhi waliuawa. Wakati huo Festo Kivengere, mlokole kutoka Uganda, alikuwa mwalimu hapahapa Dodoma. Mwaka 1977, akiwa Askofu wa Kigezi, alikimbia Uganda baada ya kuuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mlokole, chini ya utawala wa Idi Amin. Kitabu alichotoa mwaka huohuo alikiita, kwa Kiingereza, “Nampenda Idi Amin”.