Humusi: Bakuli la Dengu Lililogombaniwa na Mataifa

Mei 2010, wapishi wapatao 300 walikusanyika Fanar, nje kidogo ya jiji la Beirut, wakajaza sahani moja kwa kilo 10,452 za humusi. Hesabu hiyo haikuja kwa bahati. Eneo la Lebanoni ni kilomita za mraba 10,452, na kila kilomita ilipata kilo yake sahanini. Miezi minne tu nyuma, wakazi wa Abu Ghosh, mji wa Waarabu ulio ndani ya Israeli karibu na Jerusalem, walikuwa wameandaa kilo 4,090 katika dishi la setilaiti. Nao walikuwa wakijibu rekodi ambayo Walebanoni waliiweka mwaka 2009. Kabla ya hapo, mwaka 2008, wenye viwanda wa Lebanoni walitangaza kwamba wangekwenda mahakamani ili jina la humusi liwe mali ya nchi yao.

Ugomvi wote huo ulikuwa juu ya chakula ambacho jina lake halina fumbo. Kwa Kiarabu, hummus ni dengu. Jina kamili la mlo huu ni hummus bi tahina, yaani dengu kwa tahini, na tahini ni ufuta uliosagwa hadi ukawa rojo zito.

Nisemapo dengu, nina maana ya zile punje zinazotupatia unga wa bajia. Si choroko, ambazo Kenya huitwa ndengu, wala si adesi. Weka punje moja kiganjani uitazame: ni ya mviringo, ina mkunjo katikati na kidomo kilichochongoka kama cha kifaranga. Wataalamu wa mimea waliona humo kichwa cha kondoo dume, wakaiita Cicer arietinum.

Punje hiyo ina umri mkubwa kuliko taifa lolote linaloigombania. Mmea wa porini unaofanana nayo zaidi huota kusini mashariki mwa Uturuki, na wanaakiolojia wanaamini kwamba wakulima wa eneo hilo na Syria ya kaskazini walianza kuipanda miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Dengu ni miongoni mwa mazao ya kwanza kabisa ya binadamu, pamoja na ngano, shayiri na adesi.

Lini zilipondwa na kuwa humusi? Simulizi za mitaani humtaja Sultani Salahuddin, lakini hakuna maandishi yanayothibitisha. Maandishi yaliyopo yanatupeleka kwanza Halab, Syria, katika karne ya 13, kisha Kairo katika karne ya 14. Kitabu cha mapishi cha Misri kiitwacho Kanz al-Fawa'id kinaeleza dengu zilizopondwa, zikatiwa siki, malimau ya kuchachushwa, viungo na mafuta, tahini haimo. Kingine, Kitab Wasf al-At'ima, kinachanganya dengu na tahini, siki, viungo na kokwa za aina mbalimbali. Mchanganyiko huo hutandazwa, kisha hulazwa usiku kucha. Humo hamna kitunguu saumu. Kwa hiyo bakuli la leo halikutoka kwa mpishi mmoja. Vizazi vingi vimeongeza hapa, vikapunguza pale, na ndiyo sababu naona si haki nchi moja kudai ndiyo mwenye chakula hiki.

Katika miji ya Shamu, yaani Syria, Lebanoni na majirani zao, maduka ya humusi huamka alfajiri. Dengu zilizolowekwa usiku huchemshwa kwa moto wa polepole na unga kidogo wa soda, kama tutiavyo magadi kwenye maharage, hadi zibonyee zenyewe kati ya vidole viwili. Maganda yanayoelea huenguliwa. Zikishapondwa na tahini, limau, kitunguu saumu na chumvi, hupakwa kwenye bakuli bapa, na mgongo wa kijiko huchora mfereji wa kumiminia mafuta ya zeituni. Hapo mtu humega mkate, huchota na kula. Chungu kikiisha, duka hufungwa.

Na afya je? Gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina karibu gramu 9 za protini na gramu 7 hadi 8 za nyuzinyuzi. Zina foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji sana, na madini ya chuma. Wanga wake huvunjwa taratibu, hivyo sukari ya damu haipandi kwa kasi kama baada ya kula mkate mweupe.

Lakini uzuri hasa uko katika ndoa ya viungo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Protini ya dengu ina upungufu wa methionini, na ufuta una methionini ya kutosha. Ufuta nao una upungufu wa lisini, na dengu zinayo tele. Vitamini C ya limau huusaidia mwili kufyonza chuma kitokacho kwenye mimea. Mafuta ya zeituni ni ya aina inayofaa moyo. Wapishi wa kale hawakuwa na maabara, ila ndimi zao ziliwaongoza vyema.

Tahadhari zipo. Tahini na mafuta vina nishati nyingi, kwa hiyo vijiko vichache vinatosha. Mwenye mzio wa ufuta asiguse kabisa. Humusi ya kopo nayo isomwe lebo, maana baadhi huwa na chumvi nyingi.

Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kukijali chakula hiki. Wakulima wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza hupanda dengu mvua zinapokaribia kuisha, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaohifadhi unyevu. Ufuta unatoka Lindi na Mtwara. Sehemu kubwa ya mazao hayo hupakiwa melini kwenda Asia, nasi mezani tunabaki na bajia. Dengu zetu nyingi ni zile ndogo za kahawia, zenye ganda gumu kuliko zile kubwa nyeupe za Shamu, lakini zikilowekwa vizuri na kumenywa zinafaa.

Basi usiku wa leo loweka kikombe kimoja cha dengu. Kesho zichemshe hadi zilainike, kaanga ufuta bila mafuta hadi unukie, usage, kamulia ndimu mbili, ponda vyote kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu na chumvi. Kula kwa chapati au muhogo, na watoto wawe karibu na bakuli.