Msitu Wenye Mpaka, Viwanja Visivyo na Hati

Serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa rangi ya ngozi, na miti ikafuata mgawanyo huo. Mwaka 1932 Karura, kaskazini mwa mji, ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali, takriban hekta 1,000. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha: Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, kisha Kaloleni miaka ya 1940. Msitu haukuwapo upande huo wa mashariki, Eastlands. Mali ya umma huku ilikuwa viwanja vya michezo, na nyasi zilizoachwa kati ya safu za nyumba.

Uhuru ulibadilisha mwenye ardhi, utaratibu ukabaki. Mamlaka ya kugawa yaliyokuwa ya mfalme wa Uingereza yakawa ya rais na Kamishna wa Ardhi. Ndiyo maana miaka ya 1990 Karura haikuhitaji kupigwa mnada. Mwenye mkono mrefu serikalini alipewa barua ya kugawiwa ardhi kwa bei ya kutupa, akaiuza kwa bei ya soko, mara nyingi hata kabla hati miliki haijatoka. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha kwamba baadhi ya wanunuzi walikuwa mashirika ya umma, likiwamo hazina ya uzeeni ya NSSF. Mfanyakazi wa Makadara, huko Eastlands, aliibiwa ardhi yake, kisha akauziwa kwa akiba yake mwenyewe.

Vita vya Karura vinajulikana. Januari 8, 1999, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miche walishambuliwa na walinzi, naye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, lakini mwaka 2001 serikali yake ikaidhinisha kumegwa kwa hekta 67,000 hivi za misitu nchini. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyopeleka suala la kubadilisha mipaka mbele ya Bunge.

Lisilotajwa sana ni kwamba vuguvugu la Maathai la kupanda miti lilianzia Eastlands. Juni 5, 1977, Maathai na wenzake waliandamana hadi Kamukunji, wakapanda miti saba. Karura ikaokolewa, viwanja vya mitaa ya mashariki vikaendelea kumegwa kwa barua zile zile, hapa kanisa, pale maduka, kule ukuta wa "mstawishaji" asiyejulikana.

Tofauti ni ya makaratasi. Msitu una mpaka uliochapishwa katika Gazeti Rasmi, jirani mwenye sauti kama ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, na Bunge la kuulizwa. Kiwanja cha mtaani mara nyingi hakina hata hati. Kinachokilinda ni vijana wanaobomoa usiku ukuta uliojengwa mchana. Katiba ya 2010 inaviita vyote ardhi ya umma. Basi kaunti ivipime viwanja vya Eastlands kimoja kimoja, ivitafutie hati kwa jina la umma na kuvitangaza katika Gazeti Rasmi. Bila hivyo, anayekuja na barua atakuwa ndiye pekee mwenye karatasi.