Vitu vya Nyumbani na Zana za Vita: Dar es Salaam, 1914–1918

Katika mji wa Dar es Salaam iko mitaa miwili inayokaribiana ambayo majina yake yawafaa wachunguzi wa lugha na wachunguzi wa historia pamoja. Wa kwanza ni Mchafukoge, jina ambalo sikioni mwa Mswahili ni sentensi nzima: aliye mchafu na akoge. Wa pili ni Kariakoo, jina lisilofumbuka mpaka lirudishwe katika Kiingereza cha jeshi, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waliolipokea walifuata sikio wala hawakufuata maandishi. Herufi mbili za mwisho za Kiingereza hazitamkwi, basi Kiswahili hakikuwa na haja nazo. Nairobi nako jina hilo hilo limekuwa Kariokor. Jina moja lakumbusha sabuni, na la pili lakumbusha mzigo. Na katika vita vya 1914 hadi 1918 sabuni na mzigo vyote viwili vilikuwa mambo ya jeshi.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Dar es Salaam ulikuwa mji mkuu wa koloni la Wajerumani. Manowari za Waingereza zilitawala bahari, na mwaka 1915 pwani yote ikazingirwa. Merikebu mbili tu zilizotoka Ulaya na shehena ya zana ziliweza kupenya: Rubens mwezi wa Aprili 1915, katika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, na Marie mwezi wa Machi 1916, huko Sudi. Hapo jeshi la Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck lilipaswa kuishi kwa vitu vilivyokuwamo nchini, na vingi katika hivyo vilikuwa vitu vya jikoni, vya dukani na vya fundi wa mtaani.

Nazi, ambayo kwa mtu wa pwani ni tui na mafuta ya kupaka, ilitolewa mafuta ya kuendeshea magari, yakaitwa trebol. Mafuta ya wanyama na nta ya nyuki yalifanywa mishumaa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902 katika milima ya Usambara, kilitoa sabuni, unga wa kusafishia meno na dawa za malaria. Maganda ya mikoko yalitumiwa kutengenezea ngozi za viatu. Pamba ilisokotwa na kufumwa kwa mikono katika misheni na majumbani. Na nguo hizo zilipotakiwa kupakwa rangi isiyoonekana porini, mti uliofaa kupita yote Lettow-Vorbeck aliuandika kwa jina la ndaa. Jina hilo lafanana sana na mdaa, mti unaojulikana na kila mwanamke wa pwani asukaye mikeka, kwa kuwa mizizi yake hutiwa rangi ukili. Ikiwa ni mti ule ule, basi ujuzi wa msusi wa mkeka ndio uliomficha askari machoni pa adui zake.

Kiberiti nacho chastahili kuangaliwa peke yake. Neno hili latoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni yale madini ya manjano yanayonuka yakiungua. Katika Kiswahili cha kila siku limehamia kwenye kijiti cha kuwashia moto, na madini yenyewe yakabaki na jina la kiberiti upele, kwa sababu yalikuwa dawa ya ngozi. Wakati wa vita kiberiti hicho hicho kilichanganywa na utomvu wa mpira wa mashambani, ukapashwa moto, ukawa mgumu wa kufaa magurudumu ya magari na baiskeli. Tena kiberiti ni mmoja katika watatu wafanyao baruti nyeusi, pamoja na makaa na shura. Askari wengi wa Kijerumani mwaka 1914 walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871 zenye kutumia baruti hiyo, na moshi wake mzito uliwaonyesha mahali walipojificha.

Risasi na mzinga ni maneno ya ukoo huo huo. Risasi kwanza ni madini mazito, yale ambayo mvuvi huyafanya chubwi la mshipi wake. Baadaye ndipo jina likashika kitu kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Mzinga ni gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki wakae, na mzinga ni silaha kubwa ya kupigia kombora. Aliyeziita silaha hizo kwa jina la nyumba ya nyuki alitazama umbo: mwili mrefu wa mviringo, wenye uwazi ndani. Huko Tanga, mwezi wa Novemba 1914, maana mbili hizo zilikutana uwanjani. Milio ya vita iliwachokoza nyuki waliokuwa mitini, wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Baadaye ilisemekana kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi; lakini bunduki za bombomu za Wajerumani wenyewe zilinyamaza kwa kuumwa na nyuki, na mtega mtego hautegi miguuni pake.

Ufundi mkubwa kuliko wote ulionekana katika karakana za Dar es Salaam. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika delta ya Rufiji, ikaangamizwa huko tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikakokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, na mafundi wakaiundia magari ya kuivuta barabarani. Risasi za Rubens zilizoingiwa na maji ya chumvi zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena kwa mikono. Hata njia ya kurudi ilikuwako: mwaka 1916, huko Tabora, shaba ya manjano ya maganda ya makombora ilifuliwa ikawa sarafu za heller 5 na heller 20, na kwa sarafu hizo watu walinunua chumvi na unga. Kitu kilichotoka vitani kikaingia tena jikoni.

Masimulizi ya werevu huu yamependwa na waandishi wengi, nayo ni ya kweli. Lakini mara nyingi huishia karakanani. Mzinga ulioundiwa magurudumu haujiendi wenyewe. Sabuni, mishumaa, viatu na risasi havina miguu. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, reli zilikuwa chache, na kila kilichobuniwa kilifika kwa askari juu ya kichwa cha mtu. Hapo ndipo kitu cha nyumbani kilicho duni kupita vyote kilipogeuka zana ya vita: ngata, ule mviringo wa majani au kitambaa ambao mwanamke huuweka kichwani chini ya mtungi wa maji.

Waingereza walipouteka mji tarehe 4 Septemba 1916, jengo la soko lililojengwa na Wajerumani lilifanywa makao ya wapagazi, na mtaa ukapata jina lake. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita hivyo, kwa hesabu za serikali, walizidi 40,000, na wanahistoria wengi huiona idadi hiyo kuwa ndogo mno. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu na maradhi mengine, na sababu moja ilijulikana tangu wakati ule: walipewa unga wa mahindi, ambao wengi wao hawakuuzoea, wakaula haujaiva kwa sababu ya uchache wa vyungu, wa kuni na wa muda wa kupika.

Hapo pana jambo la kupimwa na mwanahistoria. Majeshi yaliyoweza kuigeuza nazi kuwa mafuta ya gari na ganda la kombora kuwa fedha hayakumpatia mpagazi chungu, kuni na saa moja ya kukaa motoni. Werevu ulitumika pale ulipotakiwa utumike. Aliyetengeneza magurudumu ya mizinga aliandikwa katika vitabu. Lakini wapagazi wa upande wa Wajerumani, waliotolewa vijijini kwa nguvu na kuchukua shehena ya hesabu iliyoandikwa kwa uangalifu, wao wenyewe hawakuhesabiwa hivyo.

Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake, ingawa umbo lililo juu ni la mtu mwenye bunduki. Mizinga ya Königsberg imetunzwa mmoja katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine Pretoria. Wapagazi wengi hawana kaburi linalojulikana. Kumbukumbu yao kubwa imo katika lugha: ni jina la soko, linalotamkwa kila siku na watu waendao kununua nazi, sabuni na kiberiti.