Nani Aliua? Wapelelezi Mume na Mke na Sauti ya VJ Mjini Kampala

Tarehe 31 Machi 2023, Netflix ilitoa Murder Mystery 2, filamu ya upelelezi na vichekesho iliyoongozwa na Jeremy Garelick. Adam Sandler na Jennifer Aniston wanarudi kama Nick na Audrey Spitz, mume na mke kutoka New York. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2019, Nick alikuwa askari polisi na Audrey alikuwa msusi anayependa riwaya za mauaji. Safari hii wameacha kazi zao na kufungua ofisi ya upelelezi ambayo haiwapatii wateja. Wanaalikwa harusini kwa rafiki yao tajiri, bwana harusi anatekwa nyara, na msako unawafikisha Paris hadi kwenye mnara wa Eiffel.

Insha hii inachunguza aina hii ya filamu imetoka wapi na inapokewaje Kampala. Hoja yangu ni kwamba katika mabanda ya video ya mji huu, wapelelezi hawa wawili hupata mwenzao wa tatu, yaani VJ anayesimulia filamu kwa lugha ya watazamaji. Historia ya sinema nchini Uganda ikiandikwa bila yeye, itakuwa pungufu.

Kwanza, tutazame asili yake. Agatha Christie aliwatambulisha Tommy na Tuppence katika riwaya ya mwaka 1922, na baadaye akawafanya mume na mke wanaopeleleza pamoja. Mwaka 1934 riwaya ya Dashiell Hammett, The Thin Man, ilitengenezewa filamu, William Powell na Myrna Loy wakiigiza kama Nick na Nora Charles. Mwendelezo wake, After the Thin Man, ulitoka mwaka 1936, na hadi 1947 zilikuwa zimetoka filamu sita. Mwishoni mwa ile ya 1936 muuaji ameshajulikana, lakini Nora anaonekana akifuma soksi za mtoto. Hapo ndipo ilipo siri ya mwendelezo wa aina hii. Kesi huisha, ndoa haiishi, na mtazamaji hurudi kuwaona wanandoa kuliko kumwona muuaji. Fasihi ya Kiswahili ilichagua njia nyingine: Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hufuatana na rafiki yake Najum, si mke.

Pili, Afrika Mashariki ilionyeshwa nini wakati huo? Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, Tanganyika, ulizungusha filamu za mafunzo kwa lori, Uganda ikiwamo. Maelezo yalitolewa kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Kwa hiyo, wakati Nick na Nora wakitaniana Hollywood, mwanakijiji wa huku aliletewa filamu za kumfundisha. Hata hivyo, jambo moja lilibaki kichwani mwa watu: picha inaweza kutoka kwingine na sauti ikatoka hapa.

Kampala ilikuwa na majumba ya sinema kama Norman na Odeon, na biashara hiyo kwa kiasi kikubwa ilikuwa mikononi mwa Waasia. Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972, biashara ilidorora. Jengo la Norman baadaye likawa kanisa, ambalo leo linaitwa Watoto. Katika miaka ya 1980 kanda za VHS zilijaza pengo. Watu walikusanyika katika vyumba vya mbao na mabati vinavyoitwa ebibanda kwa Kiganda, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Humo ndimo alimozaliwa VJ. Alikaa na kipaza sauti, akatafsiri kwa Kiganda papo hapo, akawapa wahusika majina ya hapa na kutaja mitaa inayojulikana. Tanzania ilimpata Lufufu, na Kenya ikampata DJ Afro, wote wakisimulia kwa Kiswahili.

Filamu ya mapigano hueleweka hata bila maneno. Filamu ya upelelezi haieleweki hivyo, kwa sababu ushahidi umo ndani ya mazungumzo: saa iliyotajwa vibaya, jina lililoponyoka mdomoni. Asiyejua Kiingereza hunyimwa ushahidi huo, na VJ humrudishia. Lakini VJ ameshaitazama filamu na anamjua muuaji. Kila anapotania ni lazima aamue afiche nini na adokeze nini. Ugomvi wa mume na mke humrahisishia kazi, maana kila mtazamaji anaujua kutoka nyumbani kwake au kwa jirani.

Mfano bora wa Kampala ni Who Killed Captain Alex? (2010) ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga kwa bajeti inayosemekana haikufika dola 200. Kampuni yake, Ramon Film Productions, anaiendesha pamoja na mkewe, Harriet. Jina la filamu ni swali la upelelezi, lakini filamu inaisha bila kulijibu. Toleo lililoenea duniani lina sauti ya VJ Emmie, akitania juu ya kila tukio kwa Kiingereza. Nick na Audrey wanatuahidi jibu, ilhali Wakaliga inatuahidi msimulizi, na watazamaji wa mbali wameridhika naye.

Kuna pingamizi mbili. Wapo wasemao kwamba VJ huharibu kazi ya mwenyewe, na kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi dhidi ya matumizi yasiyo na kibali. Hoja ya sheria ina uzito, na mwandishi wa historia hapaswi kuificha. Lakini kosa la kisheria haliondoi thamani ya kumbukumbu. Masimulizi ya papo hapo yalipotea usiku uleule, na kanda iliyorekodiwa juu yake filamu nyingine haiwezi kurudishwa.

Kwa kuhitimisha, tangu Januari 2016 Netflix imepatikana Uganda, na mwenye simu na bando anaweza kuwatazama Nick na Audrey peke yake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sisi tunaosoma lugha hii tuna kazi iliyo karibu: kwenda Katwe, Kisenyi na Wakaliga kurekodi kumbukumbu za ma-VJ wazee wakiwa bado hai. Swali la nani aliua linaweza kubaki bila jibu, kama la Captain Alex. Swali la nani alisimulia bado linajibika, ila wanaoweza kulijibu wanazidi kupungua.