Reli Kwanza, Injini Baadaye
Sisi tulioanza kukusanya magarimoshi madogo ukubwani, huku Uingereza, tulinunua injini kwa kupenda rangi. Tulikosea. Mwaka 1891, huko Leipzig, kampuni ya Märklin ilionyesha magarimoshi ya kuchezea yenye reli za vipimo maalumu, mnunuzi akaweza kuongeza mabehewa kidogo kidogo. Ubora huanzia hapo: vitu vipatane.

Reli kubwa ya Ulaya, milimita 1,435, ukiipunguza mara 87 hupata 16.5, kipimo kilichoenea madukani. Lakini reli yetu ya zamani kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu 1901, ina upana wa mita moja. Inahitaji milimita 12. Basi, anayetaka kuwaonyesha watoto waliozaliwa huku garimoshi lililotupeleka shule, achague reli kwanza.