Maneno ya wodini, sehemu ya 4: RIDHAA

Mama zangu, leo neno letu ni ridhaa. Ni ndugu wa ile radhi unayompa mwanao. Hospitali maana yake umeelezwa, umeelewa, umekubali bila kulazimishwa.

Neno hili limelipiwa. Mwaka 1947, kule Nuremberg, Ujerumani, madaktari walihukumiwa kwa kuwafanyia wafungwa majaribio kwa nguvu. Hukumu ile ikasema: ridhaa ya mtu kwanza.

Kwetu, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligundulika Kagera mwaka 1983. Watu walinyooshewa vidole, wengine wakaogopa hata kupima. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya UKIMWI: kwa kawaida hupimwi bila ridhaa yako, na majibu ni siri. Ila chini ya miaka 18 aliridhia mzazi. Novemba 2019, Bunge hapahapa Dodoma likashusha umri hadi 15.

Kwa hiyo mama, binti yako wa miaka 15 akija kupima mwenyewe, usimvizie nesi akupe majibu. Kaa na mwanao, ongea naye kwa upole. Na wewe ukipewa fomu usaini, uliza kwanza: "Nesi, hii ni ya nini?" Wala si usumbufu, ni haki yako.