Kiwanda cha Ndani ya Nyumba Yetu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tuzungumze juu ya nyumba, na juu ya meza moja iliyohamishwa hatua kumi hivi.

Mwaka 2020, corona ilipofunga ofisi, nilirudi kwetu Shela na laptopu yangu. Nikajichimbia ndani, chumba cha mwisho kabisa cha nyumba, kompyuta ikakaa kitandani. Nikadhani nimepata ofisi ya bure. Kumbe! Katika miezi mitatu nilichelewesha kazi ya mteja mmoja mara mbili, naye akanieleza wazi kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho. Ajabu ni kwamba nilikuwa nafanya kazi mchana na usiku. Hata usingizini nilikuwa nasahihisha makosa ya programu.

Aliyeona kasoro ni bibi yangu, ambaye hajawahi kushika kompyuta. "Kazi ni ya nde, mwanangu," aliniambia. "Ndani ni mwa kulala."

Nilicheka. Lakini baadaye nikaanza kuitazama nyumba ile kana kwamba ni programu iliyoandikwa na mtu mwingine zamani, nikijiuliza mwandishi alikusudia nini.

Nyumba za kale za Shela na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua mambo. Urefu wake unafanya upana wa chumba usizidi mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Mjenzi aliyetaka nafasi zaidi alipanga chumba nyuma ya chumba.

Msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975, na mpangilio alioueleza ndio huu wa kwetu. Kwanza daka, ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe. Kisha tekani, ambapo njia hupinda ili mpita njia asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua usioezekwa unaoleta mwanga na hewa. Halafu msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani. Kadiri unavyoingia, sakafu inapanda kidogo kidogo. Sisi waandishi wa programu tungesema kila hatua ina ruhusa zake.

Ruhusa hizo zilikuwa na kazi. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakangoja kusi ndipo yarudi, na mfanyabiashara mgeni aliweza kukaa miezi. Alipokelewa dakani. Nyumba za wenye uwezo zilikuwa na sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na makazi ya familia. Basi biashara ya bahari ilifanyika nyumbani kwa watu, lakini haikufika kitandani kwao.

Tusiipambe historia hii. Wanawake waliwekewa mipaka na kuta hizo hizo, na utajiri uliozijenga ulitokana pia na jasho la watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Hata hivyo somo la mpangilio linabaki: kufanyia kazi nyumbani hakukuletwa na corona. Kipya ni kuondoka nyumbani kila asubuhi kwenda kazini, desturi iliyoenea na viwanda vikubwa vya Uingereza kuanzia karne ya 18.

Na hapo neno likanishika. Leo tukisema kiwanda tunafikiria mashine na moshi. Katika nyumba zetu kiwanda ni ule ua wa katikati. Nilikuwa nalala hatua chache kutoka kiwandani, nami natafuta ofisi!

Nilifanya mabadiliko matatu tu. Meza niliiweka msana wa tini, ikitazama kiwanda. Simu za wateja nikapokelea dakani, punda wakipita. Na laptopu haikuruhusiwa kuvuka kidato cha msana wa yuu. Jua likiondoka kiwandani, naifunga.

Wiki ya kwanza nilihisi nimepunguza kazi, nikaogopa. Wiki ya tatu nikakabidhi mfumo siku mbili kabla ya tarehe. Mteja yule bado ni wangu hadi leo. Sikununua kiti cha bei wala programu ya kupanga muda. Stima bado hukatika, na kuna siku uvivu hunishinda vile vile. Ila usingizi umerudi.

Nawe msomaji, labda unaishi chumba kimoja Nairobi au Dar es Salaam na huna daka. Mkeka unatosha. Utandike pa kazi, na ukimaliza uukunje. Bibi anasema hivyo hivyo ndivyo walivyofanya wasiokuwa na nyumba za mawe.

Tukutane tena, inshallah, stima ikiwepo.